Walimu wa Kuja

Mwaka 1886, mjini Seoul, mwanamke wa Kimarekani aliyekwishapita miaka hamsini alimwandikia hati ya kiapo mama mmoja maskini wa Kikorea. Aliapa kwamba atamlea bintiye na kumsomesha, na kwamba bila ruhusa ya mama hatamtoa mtoto kwenda nchi za Magharibi, wala hata umbali wa ri kumi ndani ya Korea yenyewe, ambazo ni kama kilomita nne. Akivunja ahadi, adhabu yoyote na iwe juu yake. Mwandishi wa kiapo alikuwa Mary Scranton, mwanzilishi wa shule ya wasichana ya Ewha, ambayo leo ni chuo kikuu kikubwa cha wanawake. Mama wa mtoto alikuwa amemleta kwa sababu ya umaskini, lakini majirani wakamjia juu: huyo mzungu atamlisha mwanao vizuri siku chache, kisha atampakia melini ampeleke Marekani, na huko Mungu ndiye ajuaye.

Historia ya elimu ya wanawake Korea ikisimuliwa, kiapo hicho hakikosekani, na wasimulizi hupenda kuwacheka majirani. Mie naona majirani walikuwa na akili zao timamu. Waliuliza swali ambalo mama yeyote wa kwetu Tanga angeliuliza: mtoto atalala wapi? Nafundisha Kiswahili hapa Korea, na kadiri ninavyosoma habari za walimu walionitangulia ndivyo ninavyoona kuwa habari zao zote zinazungukia swali hilohilo, ukiligeuza kidogo. Mwalimu mgeni analala wapi, na ufunguo anao nani?

Serikali ilianza kuagiza walimu kabla ya Bi Scranton kufika. Baada ya kusaini mkataba na Marekani mwaka 1882, Korea ilijikuta haina watu wa kutosha wa kuzungumza na mabalozi, basi mwaka 1883 ikafungua shule ndogo ya wakalimani chini ya Mjerumani Paul Georg von Möllendorff, na Mwingereza Thomas Halifax akawa mwalimu wa Kiingereza. Mfalme Gojong alitaka kikubwa zaidi. Aliomba Marekani walimu watatu. Kabla hawajaondoka kwao, Desemba 1884, yakatokea mapinduzi ya siku chache mjini Seoul, yakashindwa, na safari ikaahirishwa. Walifika Julai 1886, kipindupindu kikiwa kimeushika mji: Homer Hulbert, Dalzell Bunker na George Gilmore, vijana watatu waliotoka chuo kimoja cha theolojia cha New York. Septemba shule ya mfalme, Yugyeong Gongwon, ikafunguliwa na wanafunzi 35.

Walimu wenzangu watacheka wakisikia wanafunzi hao walikuwa watu gani. Baadhi yao walikuwa maofisa vijana waliokwisha kuwa na vyeo serikalini, wengine watoto wa mabwana wa tabaka la juu. Kijana wa tabaka hilo hakubeba kitu mkononi. Mtumishi alimfuata akiwa amemshikia kitabu. Mwanzoni walisoma kwa bidii. Baadaye maofisa wakaanza kukosa vipindi, udhuru ukiwa ni kazi za serikali, na nani angemchapa fimbo mtu mwenye cheo? Gilmore aliondoka mwaka 1889 kwa sababu ya mshahara. Hulbert akafuata mwaka 1891. Bunker akavumilia mpaka shule ilipofungwa mwaka 1894.

Waliishi Jeongdong, mtaa ulio kando ya kasri, ambako wamisheni, madaktari na mabalozi walikuwa wananunua nyumba za Kikorea na kuzifanyia ukarabati. Bi Scranton alinunua eneo lenye vibanda kumi na tisa vilivyoezekwa nyasi. Wengi waliacha kuta na mapaa, wakaweka vioo madirishani, majiko ya chuma, vitanda na meza. Mwenyeji alilala chini, juu ya sakafu iliyopashwa moto na moshi wa jikoni unaopita kwenye mifereji chini ya mawe, yaani ondol. Mgeni alipanda kitandani, akaliacha joto lote sakafuni, kisha akalalamika baridi. Nimelala kwenye sakafu hizo Januari, nje maji yameganda, na sielewi kwa nini mtu aliyeonja ondol angetaka tena miguu ya kitanda.

Usiku wa Seoul wa wakati huo ulikuwa na sheria zake. Kengele kubwa ya Bosingak ilipigwa mara 28, milango ya mji ikafungwa, na aliyechelewa kutoka bandari ya Jemulpo, mwendo wa kutwa nzima kwa farasi au kwa machela kabla reli haijaanza mwaka 1899, alibaki nje ya ukuta. Wapo wageni walioparamia ukuta kwa kamba. Wanaume walitakiwa kukaa ndani, na barabara zikaachiwa wanawake, ambao mchana wengi wao hawakuonekana nje. Bi Scranton aliwangoja wanafunzi wake katika mji wa namna hiyo. Wa kwanza kabisa, Mei 1886, alikuwa suria wa ofisa mmoja, mwenye nia ya kujifunza Kiingereza ili aje kuwa mkalimani wa malkia. Alikaa kama miezi mitatu akaacha. Yule mtoto wa kiapo alikuwa wa pili.

Kiapo hakikumaliza shaka. Mwaka 1888 uvumi ulienea Seoul kwamba wageni wanaiba watoto, wengine wakisema wanawala, wengine kwamba macho yao yanatengenezewa dawa na vifaa vya kupigia picha. Watu waliodhaniwa kuwa washirika wao walishambuliwa mitaani, na manowari za kigeni zikashusha askari kuja kulinda balozi. Mtu wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa uvumi wa aina hii. Sisi tulikuwa na wetu wa mumiani, wanyonya damu, miaka mingi ya ukoloni, na waliotajwa humo walikuwa madaktari na wazima moto. Mzungu mwenye dawa na shule, anayeishi nyuma ya ukuta, anachukua watoto na kuwalisha bure: watu walijaribu kupata maana ya jambo hilo kwa kile walichokuwa wanakijua.

Hata maiti ya mgeni haikuwa na mahali pa kulala. Julai 1890 daktari mmoja wa misheni, John Heron, alifariki kwa ugonjwa wa kuhara damu. Kuzika ndani ya kuta za Seoul kulikatazwa tangu zamani. Baada ya mvutano, serikali ilitoa kipande cha ardhi Yanghwajin, juu ya ukingo wa mto Han, na Heron akawa wa kwanza kuzikwa hapo. Siku hizi unashuka treni ya chini ya ardhi kituo cha Hapjeong, unatembea dakika chache, umefika. Kando ya makaburi treni inapita kuelekea darajani. Hulbert yupo hapo. Bunker naye, aliyefia California mwaka 1932, majivu yake yaliletwa hapo.

Hulbert ndiye ninayempenda, ingawa alikuwa mtu wa maneno mengi na mwenye kujiamini kupita kiasi. Alijifunza alfabeti ya Kikorea upesi mno, mwenyewe alisema kwa siku nne, kisha akashangaa kwa nini wasomi wanaidharau na kuendelea kuandika Kichina. Miaka michache tu baada ya kufika alichapisha kitabu cha jiografia ya dunia, Saminpilji, chote kwa herufi za Kikorea, na kwenye utangulizi akawalaumu wenyeji waziwazi kwa kudharau maandishi yao. Mgeni aliyeitwa kufundisha Kiingereza akawa mpigania lugha ya wenyeji. Mie ninayelipwa kufundisha Kiswahili nchi ya watu wanaochanja mbuga kutafuta Kiingereza namwonea wivu ujasiri huo.

Miongoni mwa wanafunzi wake kwenye shule ya mfalme alikuwepo kijana aitwaye Yi Wan-yong. Alijifunza Kiingereza vizuri, akapelekwa ubalozini Washington, akarudi akapanda vyeo. Mwaka 1905, Japani ilipokuwa inaibana Korea ikubali kuwa chini ya ulinzi wake, Gojong alimtuma Hulbert Marekani na barua ya kumwomba Rais Roosevelt msaada. Washington haikutaka kuisikia. Yi Wan-yong, wakati huohuo, alikuwa mmoja wa mawaziri watano walioukubali mkataba wa Japani, na mwaka 1910, akiwa waziri mkuu, ndiye aliyetia saini hati ya kuimeza nchi. Jina lake leo ni tusi Korea. Mwaka 1907 Hulbert alikwenda The Hague kuwasaidia wajumbe watatu wa siri wa mfalme, nao wakafungiwa mlango. Hakuweza tena kuishi Korea. Aliitwa na serikali mpya mwaka 1949, akiwa na miaka 86, akavuka bahari, akafika Seoul na kufariki katika muda wa wiki moja. Jiwe lake linasema alipendelea kuzikwa Korea kuliko kwenye kanisa la wafalme wa Uingereza.

Wengine hawakuwa na makelele. Emile Martel alifungua shule ya Kifaransa ya serikali mwaka 1895. Franz Eckert, Mjerumani, alifika mwaka 1901 kufundisha bendi ya mfalme, akatunga wimbo wa taifa wa mwaka 1902. Nchi ikamezwa pamoja na wimbo na bendi, lakini yeye hakuondoka, na alifia Seoul mwaka 1916. Binti yake Amalie aliolewa na Martel. Sijui kama kuna kutulia kunakozidi huko: kumwoza binti kwa mwalimu mgeni mwenzio.

Wakati wa Wajapani niupite haraka. Shule za serikali za lugha zilifungwa. Za misheni ziliendelea kwa masharti, mpaka miaka ya 1930 zilipolazimishwa kuwapeleka wanafunzi kusujudu kwenye mahekalu ya Shinto. Soongsil ya Pyongyang ikaona bora ifungwe, mwaka 1938. Novemba 1940 meli ya Mariposa iliwachukua Wamarekani wengi.

Halafu wakaja watu ambao Tanzania tunawajua vizuri: Wamarekani wa kujitolea wa Peace Corps. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuwapokea, mwaka 1961. Korea iliwapokea kuanzia 1966 hadi 1981, kama watu 2,000 kwa jumla, wengi wakiwa walimu wa Kiingereza kwenye shule za serikali, wengine wakisaidia kupambana na kifua kikuu. Hawa hawakupewa Jeongdong. Walipewa posho ndogo wakaambiwa watafute familia ya kupanga nayo, chumba na chakula, mpango uitwao hasuk. Ninaposoma kumbukumbu zao, habari za darasani ni chache. Lililowashughulisha ni nyumba.

Ondol ya miaka hiyo haikuwashwa kwa kuni tena bali kwa yeontan, makaa ya mawe yaliyofinyangwa kama mkate wa mviringo wenye matundu. Lilichomwa moja juu ya jingine, na mama mwenye nyumba alilazimika kuamka usiku wa manane kubadilisha lililokwisha, maana moto ukizimika ni taabu kuuwasha. Sakafu ikipata ufa, hewa ya sumu hupenya chumbani bila harufu. Watu wengi walikufa usingizini kila majira ya baridi. Aliyeamka kichwa kikimpasuka alitolewa nje apate hewa, akanyweshwa maji baridi ya kimchi ya figili; ndiyo dawa ambayo kila nyumba iliiamini. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 60. Na saa sita usiku king'ora kililia: mtu asionekane nje mpaka saa kumi alfajiri. Amri hiyo ilianza na jeshi la Marekani mwaka 1945 na haikuondolewa nchi nzima mpaka Januari 1982. Mwalimu aliyechelewa kwenye karamu ya wenzake alilala hapohapo, sakafuni, kwenye mstari na walimu wakuu.

Jioni nina darasa la wastaafu kwenye kituo cha mtaa, wazee wanaotaka salamu mbili tatu kabla ya kwenda kupanda Kilimanjaro. Mmoja wao alifundishwa na kijana wa Peace Corps miaka ya 1970 katika mji mdogo wa Chungcheong. Wakati huo serikali ilikuwa inapigania matumizi ya mchele yapungue, na walimu walikagua masanduku ya chakula ya watoto kuona kama wali umechanganywa na shayiri. Mzee anasema siku moja Mmarekani wao alifungua sanduku lake mbele ya darasa, na ndani mlikuwa na wali mweupe pepepe. Mama wa hasuk hakuweza kumpa mgeni shayiri. Mwalimu wa darasa alisimama na rula mkononi asijue la kufanya. Kiingereza cha mzee huyo kimekwisha kabisa, lakini ule wali anaueleza punje kwa punje.

Kathleen Stephens alifundisha Yesan, katika eneo hilohilo la Chungcheong, kuanzia 1975. Mwaka 2008 alirudi Seoul akiwa balozi wa Marekani, anazungumza Kikorea, ana jina la Kikorea, na watu wa Yesan wakampokea kama binti yao. Mwanahistoria Bruce Cumings naye alipitia Peace Corps ya Korea. Sidhani ni bahati tupu kwamba watu waliokwenda kuielewa nchi hii walilala kwenye sakafu yake.

Mlango mwingine ukafunguliwa mwaka 1995, serikali ilipoanzisha mpango wa EPIK wa kuleta walimu wa Kiingereza shuleni. Mwaka 1997 Kiingereza kikaingia shule za msingi kuanzia darasa la tatu. Vituo vya tuisheni, hagwon, vikamea kila ghorofa. Viza ya kufundisha Kiingereza ikawa na orodha ya nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand, Afrika Kusini. Mnaijeria aliyesoma Kiingereza tangu chekechea hayumo, Mkenya hayumo. Mie nina viza ya chuo kwa sababu nafundisha lugha yangu. Kwa Kiingereza wasingenipokea, na pengine ni heri.

Mikataba ya hagwon ilikuja na nyumba, na hapo kuna sababu ya kiuchumi ambayo wengi hawaioni. Kupanga nyumba Korea kunahitaji dhamana. Kwa mtindo wa jeonse mpangaji anamkabidhi mwenye nyumba fedha nyingi mno, mara nyingi zaidi ya nusu ya bei ya nyumba, halipi kodi ya mwezi, na akihama anarudishiwa zote. Kwa kodi ya kila mwezi dhamana ni ndogo, bado ni mamilioni ya won. Kijana aliyeshuka uwanja wa ndege na begi moja hana fedha hiyo, basi mwajiri anamwekea chumba. Chumba kimoja, jiko ukutani, mashine ya kufulia chini ya jiko. Akifukuzwa kazi, amefukuzwa nyumba na viza siku moja. Sheria inampa kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliotimiza, na ndiyo maana malalamiko ya walimu yalirundikana kwenye mwezi wa kumi na moja: baadhi ya wenye vituo waligundua kasoro za mwalimu wiki chache kabla mwaka haujatimia.

Mwishoni mwa 1997 won ilipoporomoka, mshahara uleule ukawa nusu yake kwa dola, na wengi wakarudi kwao. Mwaka 2007, baada ya mwalimu mmoja aliyepitia Korea kukamatwa kwa kudhulumu watoto Asia, serikali iliagiza walimu wa lugha walete cheti cha polisi na wapimwe dawa za kulevya na VVU. Cheti cha polisi nakiunga mkono. Kipimo cha VVU hakikumlinda mtoto yeyote, na walimu Wakorea wa kazi hiyohiyo hawakupimwa. Mwalimu mmoja wa New Zealand alikataa kurudia kipimo, akapoteza kazi, akapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Mwaka 2015 kamati ya kupinga ubaguzi wa rangi ikampa haki, na mwaka 2017 kipimo kikafutwa. Majirani wa mwaka 1886 angalau walidai kiapo chenye uhusiano na wasiwasi wao.

Mie nilianza kwenye chumba cha mwajiri, kama wengine. Kilikuwa safi, chenye joto, na sikumjua mtu hata mmoja katika jengo zima. Nilijua duka la nyama halali karibu na msikiti wa Itaewon, ambao umekuwepo tangu 1976, na mahali pa kupata mihogo iliyogandishwa. Kikorea changu kilikuwa cha kulipia vitu. Mkataba ulipofika wakati wa kuhuishwa, Februari, maana mwaka wa masomo huanza Machi, nikaomba kipengele cha nyumba kiondolewe na niongezewe posho. Nikapanga chumba cha juu nyumbani kwa bibi mmoja, mtaa wa nyumba za matofali mekundu.

Bibi alinifundisha takataka. Kila halmashauri ina mifuko yake ya kulipia, utaratibu wa tangu 1995, na mabaki ya chakula yana chombo chake. Mifupa si mabaki ya chakula, maganda ya vitunguu pia siyo. Alinifundisha kwamba myeolchi zake ni dagaa wetu. Aliniuliza umri kabla ya jina, akaona nimemzidi binti yake, akaamua namna ya kuniita.

Mikataba ya kupanga ina sehemu ya mwisho ya masharti maalumu, huandikwa kwa makubaliano ya pande mbili. Ofisini kwa dalali, bibi alichukua kalamu akaandika kwa mkono wake kwamba mpangaji asikaange samaki akiwa amefunga madirisha. Bibi huyohuyo huchemsha cheonggukjang, mchuzi wa soya iliyoozeshwa, na harufu yake hupanda ngazi mpaka chumbani kwangu. Nikamwambia dalali aongeze sharti la pili. Dalali akamtazama bibi. Bibi akasema liandikwe, lakini Jumapili lisihesabiwe, maana Jumapili wajukuu huja kula.